Da Hong Pao: chai ya mwambani na moto wake

Wengi wakionja Da Hong Pao mara ya kwanza husema imeungua. Huenda ni kweli, maana moto mkali ndiyo njia rahisi ya kuficha majani duni. Iliyookwa kwa ustadi hunukia maua au matunda yaliyoiva, na utamu wake hubaki kooni.

Chai hii ya oolong, yaani iliyo kati ya chai ya kijani na nyeusi, hutoka milima ya Wuyi, kaskazini mwa Fujian, China. Michai mama, yaani ile ya asili, iko kwenye jabali la Jiulongke, na tangu 2006 haichumwi. Kwa hiyo iliyomo pakitini ni ya miche iliyotokana nayo au, mara nyingi zaidi, mchanganyiko wa aina za Wuyi kama Rougui na Shuixian. Huo si ulaghai. Kuchanganya vizuri ni ufundi kamili.

Majani huchumwa yakishakomaa, si vichipukizi. Hunyaushwa juani, kisha hupetwa kwenye ungo, hupumzishwa na kupetwa tena, usiku kucha, hadi kingo ziwe nyekundu na katikati pabaki kijani. Mtikiso huchubua kingo. Mapumziko huyapa maji ya vikonyo nafasi ya kusambaa na kutoka. Anayeharakisha na kuyaponda huyafungia maji humo ndani, chai ikawa chungu, na hakuna moto wa kuiponya.

Baada ya kukaangwa, kuviringishwa na kukaushwa, vikonyo huchambuliwa, ndipo uokaji unapoanza: tenga la mianzi juu ya mkaa uliofunikwa jivu, kwa saa nyingi, pengine mara mbili au tatu zilizoachana kwa wiki kadhaa. Moto ukizidi, nje hukauka na ndani hubaki unyevu. Baada ya miezi michache ladha ya majani mabichi hurudi. Iliyotoka motoni karibuni iache itulie mwezi au zaidi.

Tia gramu 8 kwenye bakuli la mililita 110 lenye mfuniko. Maji yachemke hasa, kwani ya vuguvugu hayaamshi harufu. Mimina, hesabu sekunde 10, chuja yote. Rudia kwa majani yaleyale, na kuanzia mara ya nne ongeza muda kidogokidogo. Maziwa na sukari viache kando.

Mwishoni kunjua majani. Yakifunguka laini, moto ulikuwa wa kiasi. Yakibaki meusi, yamejikunja na kuvunjika vidoleni, yaliungua.