Kinyunya Kigumu Ndicho Mashine Inachokitaka

Wanafunzi wangu wapya wa pasta huja na lalamiko lilelile: ukanda wa unga unachanika pembeni, au tambi zinatoka chini ya visu zimegandana kama mkeka. Halafu wananiuliza kama mashine zao za mkono, zenye rola za kusukuma kinyunya na visu vya kukata tambi, ni mbovu. Nikikishika kinyunya chenyewe, yaani donge la unga uliokandwa, jibu nalipata hapohapo vidoleni. Kimelowa mno.

Kipimo kinachojulikana ni gramu 100 za unga wa ngano kwa yai 1. Ni mwanzo mzuri, ila mayai hayalingani. Yai moja bila ganda laweza kuwa na gramu 45, jingine 60. Ukitumia manne, tofauti hiyo inatosha kukuharibia kazi nzima. Mimi nayapasulia kwenye bakuli lililo juu ya mizani na kutafuta gramu 52 hadi 55 za yai kwa kila gramu 100 za unga. Yakipungua naongeza kiini, siongezi maji. Ute mweupe karibu wote ni maji, lakini kiini ni maji nusu tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni mafuta yanayoipa pasta ulaini na rangi.

Ukianza kukanda utaona chenga kavu zisizotaka kushikana. Hapo ndipo mkono unapokimbilia bomba la maji. Uzuie! Kusanya chenga hizo, zikandamize kwa kiganja, kunja, kandamiza tena. Baada ya dakika 8 au 10 utakuwa na donge gumu, bado lenye mikwaruzo, ambalo ungeapa kwamba halitafaa kitu. Lifunike vizuri lisiingie hewa, uliache nusu saa. Katika muda huo unga unaendelea kunywa unyevu uliomo, na gluteni, ule utando wa protini unaolifanya donge livutike, inalegea. Ukirudi, bonyeza kwa dole gumba. Kidole kitaingia bila kupigana, na kitatoka kikavu. Kikitoka na unga umeng'ang'ania, nyunyiza unga kidogo na ukande tena.

Sasa mashine. Ifunge barabara kwenye ukingo wa meza, kwa sababu ikicheza utazungusha mpini kwa hasira na ukanda utakwenda upande. Gawa donge mara nne, funika vipande vitatu, na kimoja ukibonde kwa kiganja hadi kiwe chembamba cha kuingia. Anza na nafasi pana kabisa. Usiamini namba tu: mashine nyingine huita nafasi pana 1 au 0, nyingine huipa namba kubwa kuliko zote. Chungulia rola zenyewe.

Ukanda wa kwanza utatoka mbaya, kingo zimechanika na uso una mabaka. Usishtuke. Ukunje mara tatu kama barua na kuurudisha kwa upande ulio wazi, ili hewa iliyonaswa katikati ipate pa kutokea. Zungusha, kunja, rudisha. Mara ya pili mabaka yanapungua. Mara ya nne kingo zinaanza kunyooka. Kufikia mara ya tano au ya sita mpini unazunguka kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na ukanda unakuwa laini na mkavu mkononi, kama ngozi nyembamba iliyolainishwa. Kwangu mimi pasta hutengenezwa hapa, kwenye nafasi hii pana ambayo watu wengi huipita mara moja tu. Rola zinamalizia ukandaji ambao mikono isingeweza kuufanya kwenye donge gumu namna hii, na kinyunya kilicholowa hakivumilii kazi hiyo. Kitajibandika kwenye chuma.

Baada ya hapo acha kukunja. Punguza nafasi hatua moja moja, kila hatua mara moja, bila kuruka hata moja, maana ukiruka rola zinausukuma unga mwingi mno kwa pamoja na ukanda unachanika. Mkono mmoja uzungushe, mwingine upokee chini kwa mgongo wa kiganja, si kwa ncha za vidole. Kwa tambi bapa naishia kwenye unene wa karibu milimita 1. Kwa pasta ya kujaza naendelea hadi nione kivuli cha vidole vyangu kupitia ukanda.

Kuhusu upana, watu wa Bologna, Italia, hawana mzaha: mwaka 1972 kipimo cha tagliatelle, tambi bapa za huko, kilisajiliwa rasmi katika chemba ya biashara ya mji huo, milimita 8 zikiwa zimeshapikwa. Mbichi huwa nyembamba zaidi kwa kuwa hutanuka ndani ya maji, kwa hiyo visu vipana vya mashine nyingi za nyumbani, yapata milimita 6, haviko mbali.

Kabla ya kukata, tandaza kanda kwenye kitambaa dakika kama 10, hadi uso usinate ukiugusa. Niliwahi kuruka hatua hii wageni wakiwa wameshakaa mezani, nikatumia muda mrefu zaidi kutenganisha tambi moja moja kwa kisu. Zikishakatwa, zinyunyizie semolina, yaani ngano iliyosagwa kwa chenga, kwa kuwa chembe zake nene hazinyonywi haraka na pasta kama unga laini.

Kupika ni haraka. Maji mengi yanayochemka, gramu 10 za chumvi kwa lita, na uanze kuonja baada ya dakika moja na nusu. Kabla ya kuchuja, chota kikombe cha maji hayo. Wanga uliomo ndio unaoshikanisha mchuzi na pasta.

Mashine usiioshe kwa maji kamwe. Mabaki ya unga yatageuka gundi ndani ya rola, na chuma kitaota kutu. Yaache yakauke hadi kesho yake, kisha yapangushe kwa brashi ngumu. Ikiwa ni mpya, pitisha kwanza kipande cha kinyunya mara kadhaa kisafishe mafuta ya kiwandani. Kitatoka na michirizi ya kijivu. Kitupe, upitishe kingine, hadi kitoke kikiwa na rangi ya yai tupu.