Maji ya Lamu hayajai saa ile ile kila siku

Kuna ujumbe usiokufa kwenye makundi ya wapenda mashua: "Lamu maji hujaa saa kumi jioni, hupwa saa nne asubuhi. Hifadhi, msaidie mwenzio." Si kweli, ingawa si uzushi mtupu.

Saa hizo hukaribia ukweli wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, tena kwa saa zile zile takriban, na hapo ndipo mtu hudhani amepata kanuni. Kumbe maji huufuata mwezi, na huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Yakijaa saa kumi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa hiyo yatakuwa karibu na kupwa. Kwa anayepita mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, kuelekea kisiwa cha Pate, hapo ndipo mashua hukwama topeni kati ya mikoko, abiria wakingoja maji huku mbu wakila.

Kuhakiki ni rahisi. Kaa gatini uangalie maji yanapofika kimo cha juu kabisa, andika saa, urudi kesho yake. Au soma jedwali la maji la mwaka huu, kwa tarehe yenyewe. Wazee wa Shela, kabla hawajakujibu lolote, watauliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie mwenzio jedwali lenye tarehe.