Nipe sentensi kwanza: dhana potofu kuhusu aina za maneno ya Kiingereza

Ninafundisha Kiingereza jioni hapa Tanga, upande wa Ngamiani, na wanafunzi wangu ni wa kila namna: vijana wa kidato cha pili wanaougopa mtihani, makarani wa bandarini, waongoza watalii wa Mapango ya Amboni, akina mama wenye biashara zao. Hawafanani kwa lolote isipokuwa swali. "Mwalimu, 'fast' ni aina gani ya neno?" Kesho yake mwingine analeta "back", mwingine "round". Jibu langu ni lile lile, na najua linawaudhi: nipe sentensi kwanza. Wiki hii nimeulizwa tena, na tena, kwa hiyo naliandika mara moja ili atakayeuliza nimwelekeze hapa.

Dhana: Kila neno la Kiingereza lina aina yake moja, ukishaikariri, umemaliza

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mwanafunzi anakuja na daftari lililopigwa mistari kwa rula, safu nane zimenyooka. Kwenye safu ya nomino ameandika water, fish, book, hand. Kwenye vitenzi kuna go, eat, run. Kazi nzuri, mwandiko safi, na nusu yake inampotosha. Namwandikia ubaoni "Please book a room for me", anabaki kunitazama. Book si kitabu, mwalimu? Katika sentensi hiyo, hapana. Hapo ni kitenzi, maana yake ni kuweka nafasi. "Hand me the phone": hand hapo si mkono, ni kunipa. Na hii nawaandikia kwa sababu kila mtu hapa mjini anaijua hali yenyewe: "The men fish at night and the women sell fish in the morning." Herufi nne zile zile, fish la kwanza ni kitenzi, la pili ni nomino.

Anayebisha bado nampa "round". Katika "a round table" ni kivumishi. Katika "We lost in the first round" ni nomino. "Our dhow will round the cape at noon", kitenzi. "They sat round the fire", kihusishi. "She turned round", kielezi. Haya, kwenye lile daftari lako utaliandika safu gani?

Simlaumu mwanafunzi sana, maana Kiswahili ndicho kilichomzoesha hivyo. Kwetu neno hubeba aina yake usoni. Ukisikia anapika, unajua ni kitenzi. Mpishi na mapishi, unajua ni nomino, hata kama sentensi nzima hukuisikia. Viambishi vinasema kila kitu. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na tabia inayokaribia hiyo. Katika Kiingereza cha Kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, upendo ulikuwa lufu na kupenda kulikuwa lufian. Miisho ile ikafifia karne baada ya karne, mpaka nomino na kitenzi vikakutana kwenye love moja. Miisho ilipokwenda, kazi ya kuonyesha nani ni nani ikaangukia mpangilio wa maneno. Ndiyo maana Kiingereza ni kikali sana kuhusu neno gani litangulie na lipi lifuate, na ndiyo maana neno lililokatwa kutoka kwenye sentensi yake haliwezi kukuambia aina yake kwa uhakika.

Na tusijifanye kwamba Kiswahili hakina mambo hayo. "Njoo haraka": haraka ni kielezi. "Haraka haraka haina baraka": sasa ni nomino, na imekipa kitenzi upatanisho. "Wazuri wamekuja": kivumishi kimesimama peke yake na kufanya kazi ya nomino, wala hakuna aliyeshtuka. Kanga ni ile ile. Ukiiviringisha chini ya ndoo ni kata, ukimbebea mtoto ni mbeleko, ukijitanda ni mtandio. Hakuna anayeikagua kanga iliyokunjwa kabatini aseme hii ni mbeleko.

Kwa hiyo mimi natoa vipimo badala ya orodha. Jaribu kuweka will au can kabla ya neno; likikaa vizuri na maana ya sentensi ikabaki, hapo ni kitenzi. Napendelea can kuliko to, kwa sababu to ina sura mbili: "to fish" ni jambo moja, "to school" ni jambo jingine. Ukiweza kulitanguliza na my au the na likasimama bila kusubiri neno jingine, una nomino. Kama the ipo lakini neno linasubiri jingine, kama "the round table", tazama lile la mwisho. Hilo ndilo nomino. Very husaidia kutambua vivumishi na vielezi, ingawa si vyote vinavyoikubali. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, lakini viwili vitatu kwa pamoja hukukosesha mara chache.

Kuna anayesema haya ni ya walimu tu, yeye anataka kuongea. Sawa, tusikilize anavyoongea: "I am going to home." Kosa hili nalisikia kila wiki. Limezaliwa na ile safu ya nomino, maana home limeandikwa humo, na nomino ya mahali inataka to, kama "to school", "to Muheza". Lakini katika "I am going home" neno home ni kielezi. Uelekeo umeshakuwamo ndani yake, to haina kazi. Ukisema "I am going to my home", hapo ni nomino na to inarudi. Huwezi kulipata jambo hili kwa kukariri safu.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka: funga hilo daftari la safu. Neno jipya liandikie sentensi mbili, moja ya kitabuni na moja yako mwenyewe yenye mambo ya Tanga. Na ununue kamusi yenye mifano ya sentensi, halafu zisome zile herufi ndogo n (nomino), v (kitenzi), adj (kivumishi), adv (kielezi) zilizo kando ya neno. Watu wanaziruka kana kwamba ni uchafu wa kiwandani. Neno likiwa na mbili au tatu, kamusi inakwambia bure kile unachonilipa mimi nikueleze.

Dhana: Kitenzi ni neno la kutenda

Nusu kweli. Run na cook ni vitendo, lakini know, own, belong, seem na be? Hakuna anayetoka jasho kwa kubelong. Upande wa pili, arrival na explosion ni matukio matupu, na zote ni nomino. Kitenzi cha Kiingereza unakijua kwa kuwa kinaweza kubeba wakati: know huwa knew, belong huwa belonged.

Madhara ya dhana hii ni sentensi maarufu "I am come from Muheza". Msemaji anaitazama am kama kiambishi tu, ile ni- ya ninatoka, kwa sababu haioni ikitenda chochote. Am ni kitenzi kamili. Ukishaitaja, come haina nafasi ya kusimama hivyo hivyo kando yake. Chagua: "I come from Muheza" au "I am from Muheza".

Dhana: Kielezi huishia na -ly

Vingi ndiyo, vyote hapana, na si kila chenye -ly ni kielezi. Friendly, lovely na lonely ni vivumishi. Fast ni kielezi bila -ly yoyote, nalo neno fastly usilitumie. Lakini balaa lenyewe ni hard. Nimesahihisha barua za kuomba kazi zenye "I work hardly", mwandishi akiwa na nia njema kabisa, kumbe anamwambia mwajiri kwamba kazi yenyewe ni kama haifanyi. Hardly maana yake ni kwa nadra, au karibu na kutokuwapo. Anayejituma "works hard".

Dhana: Kivumishi hutangulia nomino daima

"The sea is calm." Kimekuja mwisho na hakuna tatizo. Vingine havikubali kutangulia kabisa: asleep, afraid, alive. Mtoto aliyelala ni "a sleeping child", kamwe si "an asleep child". Na kwa kuwa tupo kwenye vivumishi, tafadhali visiongezewe wingi. Kwetu wazuri hufuata watu kwa upatanisho. Kwao beautiful haibadiliki hata wakiwa elfu.

Dhana: Aina ni nane, zimeshafungwa

Nane hiyo ni urithi mkongwe. Sarufi ya Kigiriki inayohusishwa na Dionysius Thrax, ya karne ya 2 kabla ya Kristo, ilihesabu nane, lakini si hizi zetu: vivumishi vilikuwa ndani ya nomino. Maneno kama the yalikuwa aina mojawapo kwa Wagiriki, lakini Warumi hawakuwa nayo katika Kilatini, kwa hiyo walikuwa na pengo moja, na vihisishi vikapewa nafasi yake. Hesabu ikabaki nane. Lindley Murray, katika sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1795, alihesabu tisa, a na the zikiwa na aina yao. Siku hizi vitabu vingi vinaziweka the, this, my na some katika kundi la vibainishi. Kama kitabu chako cha shule kinasema nane, jibu nane kwenye mtihani na uendelee na maisha.

Dhana: Sentensi isiishie na kihusishi

Mshairi John Dryden aliulalamikia mtindo wa kumalizia sentensi na kihusishi (kama from au for) mwaka 1672, na walimu wameushikilia uchungu wake hadi leo. Waingereza wenyewe huuliza "Where are you from?" na "Who are you waiting for?" kila siku, tena kwa adabu zote. Mwongoza watalii anayetaka kumpokea mgeni pale Amboni kwa "From where are you?" asijizuie. Mgeni atatabasamu na kujibu. Ila atajua kwamba sentensi hiyo imetoka darasani.