Kitu kinachonyonya betri gari likiwa limezimwa: maana yake na namna ya kukisaka

Gari limezimwa, ufunguo umetoka, milango imefungwa na taa zote zimelala. Hata hapo umeme haujaacha kutoka kwenye betri. Umeme huo unaotumika wakati gari limelala ndio mafundi wanaousema wanapokuambia "kuna kitu kinanyonya betri". Kunyonya kidogo ni kawaida. Karibu kila gari la miaka hii linanyonya. Kero inaanza kiasi kinapozidi: unaamka asubuhi hapa Mwanza, Buswelu au Nyegezi, unazungusha ufunguo, stata inagonga tu tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia.

Wengi wetu hapo tunakimbilia duka la betri. Betri mpya inawasha gari vizuri kwa wiki kadhaa, kisha ugonjwa unarudi na lawama zinaenda kwa muuza betri. Naandika haya kwa sababu kipimo cha kujua kama betri inanyonywa hakihitaji gereji. Kinahitaji mita ya kupimia umeme ya bei nafuu, spana namba 10 na subira ya nusu saa. Pima kwanza, betri utanunua baadaye kama kweli inahitajika.

Tuanze na kiasi cha halali. Saa ya gari, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, alamu na kipokezi cha rimoti ya milango vyote vinahitaji umeme usiku kucha. Ukivijumlisha, gari zima linatakiwa kula kati ya miliampea 20 na 50 hivi (miliampea 1,000 ni ampea 1). Betri ndogo za saizi ya NS40, zile za IST, Passo na Vitz, zina ujazo wa ampea-saa zipatazo 35, yaani kama kutoa ampea 1 kwa saa 35. Gari linalokula miliampea 30 linatumia ampea-saa 0.7 kwa siku, yaani kama 5 kwa wiki. Ukiliacha bandarini ukapanda meli kwenda Bukoba au Nansio, ukarudi baada ya wiki, litawaka bila shida.

Sasa chukua gari linalokula miliampea 400. Ulilipaki Ijumaa saa 12 jioni, ukalirudia Jumatatu saa 12 asubuhi. Saa 60 zimepita na ampea-saa 24 zimekwenda. Betri ya 35 imebaki na 11, na stata inayohitaji zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo haiwezi kuzungusha injini. Ni kama bomba la simtanki linalodondosha usiku kucha: tone lenyewe hulioni kuwa kitu, lakini asubuhi tenki ni tupu.

Madhara hayaishii kwenye kuchelewa kazini. Betri ya asidi na risasi ikikaa muda mrefu bila chaji, chembe za salfeti zinagandana kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na ujazo wake unapungua moja kwa moja. Kwa hiyo betri iliyonyonywa ikabustiwa, ikanyonywa tena ikabustiwa tena, mwisho wake inakufa kweli, na hapo unaaminishwa kwamba tangu mwanzo ilikuwa mbovu. Zamani mtu wa Isamilo au Bugando alikuwa na dawa yake: anapaki gari la manyuo likitazama chini ya mlima, asubuhi analiachia liserereke, anatia gia, linawaka. Magari mengi tunayoendesha leo ni ya otomatiki, na hayo hayawaki kwa kusukumwa wala kwa kuserereka.

Si kila betri inayoisha imenyonywa. Ukisikiliza redio injini imezima kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, huko ni kuitumia betri, na unajua nani kaitumia. Altaneta dhaifu, ile inayochaji betri injini ikiwaka, nayo inaleta dalili zile zile, ila yenyewe inajulikana haraka: washa injini, weka mita kwenye vichwa viwili vya betri, usome volti. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inachaji. Ikibaki kwenye 12 na kitu, tatizo lako liko huko, usisumbuke na haya mengine. Tazama pia vichwa vya betri vyenyewe. Vikiwa na ule unga mweupe au wa kijani, visafishe kwanza. Na kama gari linakwenda kilomita 2 asubuhi na 2 jioni huku AC na taa vikiwaka, huenda betri haipati muda wa kujaa.

Kwenye magari yetu ya mtumba kutoka Japani, kitu cha kwanza ninachokishuku ni kile kilichofungwa baada ya gari kufika hapa, na redio inaongoza. Sababu inaeleweka. Redio nyingi za magari hayo zinashika FM ya megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zimetawanyika kati ya 88 na 108. Mwenye gari anachoka kusikiliza vituo viwili vitatu, anapeleka gari kwa fundi, anafungiwa redio nyingine au kifaa cha kubadili masafa. Hapo ndipo waya wa kiwandani unakatwa kwa mara ya kwanza.

Redio za kununua zina nyaya tatu ambazo kila mwenye gari anapaswa kuzijua. Mweusi ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Wa njano unataka umeme wa kudumu, usiozimika hata ufunguo ukitoka, kwa ajili ya kutunza saa na stesheni ulizohifadhi. Huu unakula kidogo sana. Mwekundu unataka umeme wa ACC, unaokuja ufunguo ukizungushwa na kuondoka ukitolewa. Waya mwekundu ndio unaoiambia redio "amka" au "lala". Fundi mwenye haraka, asipoupata waya wa ACC, anausokota mwekundu pamoja na wa njano na kuviringisha tepu. Redio inaimba, mteja anafurahi, analipa. Lakini redio hiyo sasa haijui kama gari limezimwa. Ukiizima kwa kitufe skrini inakuwa nyeusi, ndani bado iko macho, na hizi redio kubwa zenye Android zikiwa macho zinaweza kula mamia ya miliampea. Kosa hili ni la kawaida mno, na kulirekebisha ni kuhamisha waya mmoja.

Kama una amplifaya ya spika kubwa, utazame na ule waya wa bluu wenye mstari mweupe. Kazi yake ni kuiwasha amplifaya pale redio inapowaka. Ukiunganishwa na umeme wa kudumu, amplifaya inakesha. Iguse asubuhi kabla hujawasha gari: ikiwa na joto, umeshapata jibu.

Vingine nitavitaja kwa haraka. Kamera ya dashibodi inayorekodi gari likiwa limepaki inakula miliampea mia kadhaa. Kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa vizuri hakina madhara, kilichofungwa vibaya kinayo. Taa ya buti ya wati 5 ambayo swichi yake imekwama inakula ampea 0.4, na huioni kwa sababu buti limefungwa. Relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ikiganda inaacha kitu kikiwaka siku nzima. Noah na Probox zinazobeba samaki kutoka Mwaloni zina shida yao ya pekee: maji ya barafu yanachuruzika hadi kwenye soketi za taa za nyuma, shaba inaota kijani, umeme unaanza kupita pasipo njia. Na kuna diodi za altaneta, zinazoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, nitazirudia.

Kupima kwenyewe ni hivi. Anza na betri iliyojaa. Ikipumzika saa chache inatakiwa isome volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha, ichaji kwanza. Zima kila kitu, fungua boneti, peleka ufunguo mbali kama gari lako linafunguka lenyewe ukikaribia. Utahitaji kufikia boksi la fyuzi lililo ndani, kwa hiyo fungua mlango wa dereva, kisha kwa bisibisi sukuma kile kikufuli kilicho ubavuni mwa mlango mpaka kijifunge. Gari litadhani mlango umefungwa na taa ya ndani itazimika. Kama taa haijazimika, gari lako linatumia kitufe cha kwenye fremu ya mlango. Kibonyeze na ukibane. Ukimaliza kazi, vuta mkono wa mlango ili kikufuli kiachie kabla hujaufunga, la sivyo utakivunja.

Kwenye mita, toa waya mwekundu kwenye tundu la volti uuweke kwenye tundu la 10A, na swichi uizungushe hadi 10A. Sasa legeza kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10. Ni hasi, usianze na chanya: spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa bodi, cheche zake zinaunguza, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Waya mmoja wa mita uguse kichwa cha kebo, mwingine uguse nguzo ya betri, ndipo uinue kebo taratibu huku nyaya zote mbili zikiwa bado zimegusa. Sasa umeme wote wa gari unapita ndani ya mita. Tangu hapo usizungushe ufunguo kabisa, kwa sababu ampea za stata zitaiunguza mita.

Namba ya kwanza itakutisha. Inaweza kuwa ampea 1 au 3, kwa kuwa kompyuta za gari bado ziko macho. Ngoja dakika 20 hadi 30, usifungue mlango, usibonyeze rimoti. Kisha soma. Ikiwa 0.03, gari lako ni zima na betri ndiyo ya kuchunguzwa. Ikiwa 0.10 kwenda juu, kipo kinachonyonya.

Cha kufuata ni kuchomoa fyuzi moja moja huku macho yako kwenye mita, au mtu mwingine akikusomea. Piga picha ya boksi kabla hujagusa kitu. Chomoa, tazama, rudisha pale pale, nenda nyingine. Siku utakapoona 0.45 inaanguka ghafla hadi 0.04, simama: mhusika yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Soma jina lake kwenye kifuniko. Kwenye Toyota nyingi fyuzi iliyoandikwa DOME inalisha taa za ndani, na mara nyingi kumbukumbu ya redio pia, kwa hiyo ukiipata hiyo anza na redio na taa ya buti. Mwenye subira ndogo anaweza kupima bila kuchomoa: mita kwenye milivolti, gusa vile vidoti viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Pakiwa na namba yoyote isiyo sifuri, umeme unapita hapo.

Ukichomoa zote na namba isishuke, kinachonyonya hakipiti kwenye boksi. Fuata nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye kichwa chanya, ambazo karibu zote ni za vitu vya kuongeza: amplifaya, alamu, taa za ukungu. Zikiwa hazina kosa, imebaki altaneta. Diodi zake zikivuja, umeme unarudi nyuma kutoka betri hadi kwenye koili. Toa kichwa hasi kwanza kabisa, ndipo ufungue kebo nene ya altaneta, uiviringishe tepu isiguse bodi, upime upya. Namba ikishuka, mpelekee fundi altaneta tu.

Kwenye kufunga kitu kipya, swali moja linakuokoa. Kabla fundi hajarudisha dashibodi, muulize: "Fundi, huu mwekundu umeuchukua wapi?" Akikujibu, "Nimeuchukua kwenye ACC, bosi," mwambie atoe ufunguo na aweke mita kwenye waya huo mbele yako. Isome sifuri. Fundi mzuri hachukii kuulizwa hivyo. Waya wowote unaotoka moja kwa moja kwenye betri uwe na fyuzi yake karibu na betri, si mwisho wa safari, maana ukichubuka katikati bila fyuzi unawaka moto. Kitu kinachokula ampea nyingi, kama taa kubwa au honi, kipite kwenye relei. Ethi iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kamera ya kurekodi usiku inunuliwe na kile kifaa cha kuikata volti zikishuka hadi 12 hivi.

Wapo wanaofunga swichi ya kukata ethi kwenye betri na kuona wamemaliza. Kwa gari linalokaa wiki tatu bila kuguswa siipingi. Kwa gari la kila siku naiona ni kuficha ugonjwa: alamu inakosa umeme usiku, saa na stesheni zinafutika kila asubuhi, na ile hitilafu iliyokuwa ikinyonya bado ipo, ikiendelea mchana kutwa.

Ukishamaliza, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti kabla hujapima kitu kingine. Ukiusahau kwenye 10A kisha ukagusa vichwa viwili vya betri, umevipigisha shoti. Saa chache baada ya kulizima gari jioni, soma volti na uziandike, halafu soma tena asubuhi kabla ya kuwasha. Tofauti ikizidi 0.1, bado kuna kitu cha pili.