Soko la umeme la kanda: bei ya saa moja huamuliwaje, na nani anaweza kuichezea?

Kwa miaka mingi umeme tulioununua kwa majirani ulikuwa wa mipakani: Bukoba iliwaka kwa umeme wa Uganda, Sumbawanga kwa umeme wa Zambia. Sasa mambo yamekua. Laini ya kilovoti 400 imeunganisha Singida na Isinya nchini Kenya kupitia Arusha na Namanga. Kenya nayo imeunganishwa na Ethiopia kwa laini yenye uwezo wa kubeba megawati 2,000. Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Waya upo, umeme upo. Kinachofuata ni soko la jumla, ambako mashirika ya umeme yatauziana kwa saa, siku moja kabla ya umeme kutumika. Ushirikiano wa gridi za Mashariki mwa Afrika, EAPP, unaliandaa. Wenzao wa Kusini, SAPP, ambako Tanzania pia ni mwanachama, wanalo tangu 2009.

Mkazi wa Mbagala anayenunua LUKU hataingia kwenye soko hilo, lakini bei itakayopatikana humo itamfikia, mapema au baadaye. Ana haki ya kujua kanuni zake zinachaguliwaje.

Tuanze na bei, kwa tarakimu za mfano tu. Kesho saa mbili usiku zinahitajika megawati 850. Mabwawa yana 600 kwa shilingi 60 kwa uniti, gesi ina 300 kwa shilingi 130, mitambo ya mafuta ina 200 kwa shilingi 260. Msimamizi wa soko anaanza na aliye nafuu, anapanda hadi 850 zitimie. Anayezitimiza ni gesi, basi bei ya saa hiyo ni 130, na wote wanalipwa 130, hata bwawa lililotaja 60.

Hapo watu wengi hukasirika. Kwa nini aliyeridhika na 60 apewe 130? Si kila mmoja alipwe alichotaja? Hasira hiyo naielewa, ila dawa hiyo haitibu. Siku utakapotangaza kwamba kila mtu analipwa alichotaja, mwenye bwawa hatataja 60 tena. Atakisia bei ya wa mwisho na kutaja 125. Akikosea akataja 135, gesi yote inawashwa kwanza huku maji ya bei nafuu yakisubiri, na nchi imechoma gesi bure. Bei moja kwa wote humfanya muuzaji ataje gharama yake halisi, maana kutaja chini hakumpunguzii chochote. Mimi naiunga mkono, kwa sharti moja: asiwepo mwenye uwezo wa kuisukuma bei hiyo peke yake.

Sharti hilo ndilo gumu kwetu. Chukua mfano uleule, ila mabwawa na gesi vyote viwe vya shirika moja. Likiuza megawati 850 kwa bei ya 130 linapata shilingi milioni 110.5 kwa saa hiyo. Sasa litangaze kwamba megawati 100 za gesi ziko kwenye matengenezo. Zimebaki 800, pengo la 50 linazibwa na mafuta, na bei inaruka hadi 260 kwa wote. Shirika limeuza umeme pungufu, limepata milioni 208. Katika kanda yetu sehemu kubwa ya mitambo iko mikononi mwa mashirika machache ya umma, kwa hiyo mfano huu hauko mbali nasi.

Dawa yake inajulikana: mtambo ukizimwa, taarifa itolewe hadharani saa hiyo hiyo, pamoja na sababu, na mdhibiti awe na ruhusa ya kwenda kuukagua. Ugumu huja kwenye maji. Samaki asiyeuzwa leo pale Feri huwekwa kwenye barafu. Umeme hauwekwi, lakini maji ya bwawa huwekwa. Mwenye bwawa akipunguza uzalishaji Agosti anaweza kuwa anapandisha bei kwa makusudi, na anaweza kuwa anatunza maji kwa kuhofia vuli kuchelewa. Aliyeshuhudia Ziwa Kariba lilivyopungukiwa maji 2024, na mgawo wa umeme uliozikumba Zambia na Zimbabwe kwa pamoja, hawezi kumlaumu anayetunza. Kwa hiyo kila mwenye bwawa akubaliane na mdhibiti mapema, kabla ya msimu, kuhusu kina atakachotunza kwa kila mwezi. Akitoka nje ya mpango huo, aeleze. Bila makubaliano ya namna hiyo, kila kesi itaishia kwenye mabishano ya wataalamu ambayo hayathibitiki.

California iliyapitia haya mwaka 2000 na 2001. Wauzaji walizuia umeme, bei ya jumla ikapaa, na bei ya rejareja ilikuwa imezuiwa isipande. Aprili 2001 kampuni kubwa ya usambazaji, Pacific Gas and Electric, iliomba kinga ya mufilisi mahakamani. Kwetu bei ya rejareja huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na haibadiliki kila saa, wala isingefaa ibadilike. Ndiyo maana nasisitiza kwamba shirika linalonunua lifunge mahitaji yake makubwa kwa mikataba ya muda mrefu, na soko la kila siku libaki kwa sehemu ndogo: ziada na upungufu.

Kuna pia suala la waya. Laini ya Singida hadi Isinya ikijaa, umeme wa ziada wa Rufiji hauwezi kufika Nairobi hata ukiwa wa bure. Ukilazimisha bei moja kwa kanda nzima, mnunuzi wa Nairobi atadhani kuna umeme wa bei hiyo, kumbe haupo. Sweden ilikuwa na bei moja kwa nchi nzima hadi Novemba 2011, ikagawanywa maeneo manne. Nasi tuanze na maeneo, yafuate pale laini zinapobana, sio mipaka ya nchi tu. Bei zikitofautiana, soko hubaki na fedha: hununua kwa bei ya chini upande mmoja na kuuza kwa bei ya juu upande wa pili. Fedha hizo ziandikiwe kanuni kwamba ni za kuongeza laini ile ile iliyobana. Zikiachwa ziwe mapato ya kawaida, mwenye laini atafaidika ikiendelea kujaa.

Malipo sina mengi ya kusema: mnunuzi aweke dhamana kabla ya kununua, au asinunue.

Kwa hapa Dar es Salaam, nafasi ya mwananchi kuuliza ipo. EWURA hufanya mikutano ya taftishi, yaani ya kusikiliza maoni ya umma, maombi ya bei yanapowasilishwa. Umeme wa kanda utakapoingia kwenye hesabu hizo, yaulizwe mawili: ni sehemu gani ya manunuzi ilifungwa kwa mikataba na ipi ilinunuliwa kwa bei ya siku, na kwenye saa zile bei ilipopaa, ni mitambo ipi ilikuwa imezimwa na kwa sababu gani.