Kontakta ikiachia, mikrokontrola inajiriseti

Vidhibiti vingi vya pampu ninavyoletewa vina lalamiko moja. Mezani vinafanya kazi vizuri, vikifungwa kisimani vinajiriseti (vinaanza upya vyenyewe) kila kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha pampu, inapoachia. Mwenye kifaa huwa ameshabadilisha pawa saplai, amegusa programu, na sasa anataka kununua mikrokontrola nyingine, yaani chipu inayoendesha programu. Mimi swali langu la kwanza ni umeme unaingilia wapi na unarudi kwao kwa njia ipi. Chipu huwa ya mwisho kushukiwa.

Koili ya kontakta haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Relei inayoiendesha inapofunguka, volti inapanda hadi cheche inaruka kati ya meno yake, inazimika, inaruka tena. Huo mfululizo wa mapigo mafupi ndio unaoigwa na kipimo cha IEC 61000-4-4, ambacho pigo lake hupanda kwa nanosekunde 5 na kudumu kama nanosekunde 50.

Kwa kasi hiyo usiiamini mita inayokuonyesha omu sifuri. Sentimita 1 ya waya ina induktansi (upinzani wake kwa mkondo unaobadilika ghafla) ya karibu nanohenri 10. Mkondo wa ampea 1 ukipanda ndani ya nanosekunde 5, kila sentimita inazaa volti 2. Njia ya ardhi ya sentimita 5 tayari ina volti 10 kati ya ncha zake, na chipu yenyewe inatumia 3.3 au 5. Ndiyo maana nasisitiza upande mmoja wa bodi uachwe uwe shaba ya ardhi, isiyokatwakatwa.

Kabla ya kuchomelea chochote, uliza chipu sababu ya kujiriseti. Kwenye mikrokontrola ya ATmega328P jibu liko kwenye rejista ya MCUSR, nafasi ndani ya chipu yenye alama za sababu ya riseti. Isome programu inapoanza, ihifadhi kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika), kisha uifute. (Butiloda, programu ndogo inayotangulia yako, ikiwepo, huenda imeshaifuta kabla yako.) Alama ya EXTRF ikiwaka, kelele, yaani yale mapigo ya umeme, imepita kwenye pini ya riseti. BORF, volti ya chipu ilishuka. WDRF, programu ilipotea njia na wachidogi, taima inayoiriseti chipu programu ikikwama, ikairudisha. Isipowaka hata moja, chipu haikujiriseti kabisa: programu yenyewe imerukia anwani 0. Hali hii naiogopa kuliko zote, maana pini na taima zinabaki jinsi zilivyokuwa huku programu ikidhani inaanza upya.

Mara nyingi nakuta EXTRF. Rezista ya ndani inayoishikilia pini hiyo juu ni ya kilo-omu 30 hadi 60, dhaifu mno, na mbunifu ameiunganisha kwa njia ndefu hadi kwenye kitufe pembeni mwa bodi. Weka rezista ya nje ya kilo-omu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, zigusane na chipu, na mguu wa kapasita uende kwenye pini ya ardhi ya chipu hiyohiyo. Ukitaka kutumia debugWIRE (njia ya kukagua programu kupitia pini ya riseti), itoe kapasita kwanza.

Waya wa swichi ya floti, inayoelea kupima kina cha maji, nao hutembea mita nyingi sambamba na waya wa pampu. Utenganishe. Pale unapoingia kwenye bodi, kwenye tereminali kabisa, weka rezista ya kilo-omu 1 kwa mfululizo na kapasita ya kwenda ardhi, na programu isome floti mara kadhaa kabla ya kuamini.

Kisha nyamazisha chanzo. Koili ya AC ipewe rezista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 kwa mfululizo, kapasita iwe ya daraja la X2 (la kuunganishwa kwenye umeme wa gridi), vifungwe kwenye skrubu za koili. Ya DC inataka daiodi, ingawa kontakta itachelewa kidogo kuachia.

Wachidogi iache iwashwe, lakini siikubali kama tiba. Kila inapoirudisha programu, pampu inazimwa na kuwashwa, na mota inayowashwa mara kwa mara inachemka. Kwa hiyo ile rekodi ya MCUSR huwa siitoi hata baada ya matengenezo. Fundi akirudi kisimani anaisoma, anajua kelele inapita wapi.