Hilton Smith na zamu sita baada ya Satchel Paige

Katika uchambuzi wangu wa takwimu za Ligi za Weusi za Marekani, yaani ligi za besiboli za wachezaji Weusi waliofungiwa nje ya ligi kuu, mrushaji ninayemrudia mara nyingi ni Hilton Smith wa Kansas City Monarchs, kwa sababu maisha yake ya mchezo yanaonyesha jinsi mapato ya mlangoni yalivyoweza kumficha mchezaji hodari mbele ya uwanja uliojaa watu.

Smith alizaliwa mwaka 1907 huko Giddings, Texas, wakati ambapo wenye timu za ligi kuu za besiboli walikuwa wamekwisha kuafikiana, bila kuandika popote, kwamba Mweusi hasajiliwi. Alichezea Monroe, Louisiana, kisha Bismarck, Dakota Kaskazini, timu iliyochanganya Weusi na Weupe. Silaha yake ilikuwa mpira wa kupinda, unaomjia mpigaji kwa urefu wa kifua halafu ukazama ghafla. Mwaka 1937 aliwanyima Chicago American Giants hata pigo moja salama katika mchezo mzima.

Satchel Paige, mrushaji mwenye jina kubwa kuliko wote katika Ligi za Weusi, alipokuja Monarchs, hesabu ikawa nyingine. Timu hizi hazikuishi kwa mechi za ligi pekee. Zilizunguka mji hadi mji zikicheza mechi za maonyesho, na jina lililouza tiketi lilikuwa la Paige. Ili aonekane mara nyingi bila kuuchosha mkono, mara kwa mara alirusha zamu tatu za mwanzo kati ya tisa za mchezo, kisha Smith akaingia kumalizia sita zilizobaki. Wapo wanaomwita msaidizi wa Paige, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwani abebaye theluthi mbili za mchezo hawezi kuitwa msaidizi. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 ligi kuu ilipoziingiza takwimu za Ligi za Weusi katika kumbukumbu zake rasmi, mechi za maonyesho hazikuhesabiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo ya Smith haimo.

Isitoshe, alikuwa mpigaji mzuri, jambo adimu kwa warushaji, na anatajwa kuwa ndiye aliyempendekeza Jackie Robinson, aliyekuja kuvunja kizuizi hicho cha ligi kuu mwaka 1947, kwa mmiliki wa Monarchs, J. L. Wilkinson, kabla ya msimu wa 1945. Alistaafu mwaka 1948. Paige aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli la Cooperstown mwaka 1971. Smith, aliyefariki mwaka 1983, aliingizwa mwaka 2001.